Shibiri za Mama Mkwe

Niliolewa nikajikuta naishi na mume, mama mkwe, na vitabu sitini na viwili vya samaki. Mume nilimchagua mwenyewe. Mama mkwe nilimzoea. Vitabu ndivyo vilivyonishinda.

Vilijaza chumba kidogo cha nyuma, vimepangwa kutoka sakafuni hadi usawa wa dirisha, na majalada yake ya kijani yalikuwa yametafunwa pembeni na mende. Ukifungua mlango unapokewa na harufu ya chumvi na ya kitu kingine ambacho sitakitaja, maana wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi sita na kukitaja tu kulitosha kunikimbiza uani.

Mama mkwe wangu alikuwa karani wa mizani kwenye ukumbi wa kupokelea samaki bandarini. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na mmoja. Samaki wadogo walipita kwa makapu na hawakuandikwa na mtu. Lakini jodari, nduaro, papa, na yeyote mwenye mwili wa kubebwa na watu wawili, alipita kwanza kwa mama. Aliandikwa tarehe, aina, urefu, kilo na upande wa bahari alikovuliwa, ndipo akaruhusiwa kwenda mnadani. Huko mnadani wanunuzi walikadiria kwa macho na kununua samaki mzima mzima, kwa hiyo urefu na kilo za mama hazikumsaidia mtu yeyote ila kitabu chenyewe. Wachukuzi walikiita Kitabu cha Wakubwa. Kilijaa kila miezi sita, akafungua kingine. Ofisi ilipohamia jengo jipya, mwaka aliostaafu, mkubwa wake aliagiza vitabu vyote vichomwe moto. Mama akatafuta mkokoteni, akavipakia kwa mikono yake, akatembea nyuma yake mpaka nyumbani kama mtu anayesindikiza mgonjwa.

Mume wangu ni fundi wa friji, mtu mpole, ila ukitaja vile vitabu anabadilika sura. Ni mtoto wa pekee, na baba yake alifariki mapema. Anasema akitoka shule alikuwa anapitiliza kwa jirani, kwa sababu mama yuko na samaki.

"Muulize mama jodari mkubwa wa mwaka wowote," aliniambia siku moja, "atakutajia mpaka siku. Halafu muulize baba alipofariki mimi nilikuwa nimeanza shule au bado. Hajui. Wallahi hajui."

Sikumuuliza. Mimi nilikuwa nataka chumba tu.

Nilianza kwa heshima. "Mama, mtoto akija atalala wapi?"

Mama hakuinua hata macho kwenye mchele aliokuwa anachambua. "Mtoto anakuja na shibiri mbili na nusu. Atakosa pa kulala kwenye nyumba nzima?"

"Lakini mama, vumbi la vile vitabu..."

"Vumbi la vile vitabu ndilo lililomsomesha mumeo."

Moyoni nilichemka. Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani hana siku ambayo karatasi ngumu inamtosha. Unahitaji karatasi ya kukatia kola, ya kukatia mfuko, ya kukatia mkono wa gauni la mtoto, uiweke juu ya kitambaa, uzungushe chaki, ukate. Siku ile mama alipokwenda kusalimia wagonjwa, niliingia chumba cha nyuma nikachomoa kitabu kimoja katikati ya rundo, namba ishirini. Nikajiambia katika vitabu sitini na viwili nani atagundua? Nikakikata chote. Zilitoka kola safi sana, sisemi uongo, nikazitundika kwenye msumari juu ya cherehani. Roho yangu ikatulia wiki nzima.

Kisha akaja mtafiti.

Alikuwa binti wa miwani, na begi lake lilikuwa zito kuliko yeye. Alitoka taasisi ya utafiti wa bahari. Mstaafu fulani wa bandarini alikuwa amemwambia kwamba kuna mama mmoja alivihamisha vitabu kwa mkokoteni. Alikaa kwenye kiti cha wateja wangu, akaeleza taratibu ili hata mimi nielewe. Taasisi yao ilianza kupima samaki wakubwa mwaka mmoja tu baada ya mama kustaafu. Ya nyuma ya hapo hawakuwa nayo. Walikuwa na hadithi tu, kila mvuvi na yake, na unajua mvuvi akieleza samaki wake mikono inavyopanuka.

"Tunaandika ripoti," alisema. "Ndiyo itakayoamua jodari wavuliwe wangapi na waachwe wangapi. Lakini huwezi kujua bahari imepungukiwa nini kama hujui ilikuwa na nini. Vijana wanaovua leo wanadhani jodari aliumbwa hivi alivyo, mdogo. Mama, naomba kuviona vitabu vyako."

Sijawahi kumwona mtu akibadilika vile. Mama alisimama, akaenda kuvaa viatu, ndani ya nyumba, kisha akarudi akasema, "Karibu, mwanangu." Miaka thelathini na mmoja ya kuandika, na mingine kumi ya kuvitunza, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwomba avifungue. Nilimwona akifuta kitabu cha kwanza kwa upindo wa kanga yake, na chuki yangu ikalegea kidogo.

Wiki nzima binti alipiga picha kurasa kwenye meza yetu, na mama pembeni yake akimwelezea. Huyu papa alikuja na kamba ya watu wengine mdomoni. Huyu nduaro alimvunja mchukuzi mkono, na alikuwa amekufa tangu asubuhi. Binti akicheka mpaka miwani inateleza. Siku ya mwisho akahesabu.

"Mama, cha ishirini sikioni."

"Kipo."

"Hakipo, mama. Kuna cha kumi na tisa, kisha cha ishirini na moja."

"Sijawahi kupoteza kitabu hata kimoja," mama alisema, na akaenda kutafuta mwenyewe, chumba cha nyuma kwanza, kisha kwa magoti mpaka kando ya cherehani yangu. Mimi nilikuwa napinda suruali ya mteja. Cherehani ilinitoka mstarini ikaenda zake mpaka gotini. Kola zilikuwa zinaning'inia juu ya kichwa changu, mkono mmoja tu kutoka kwa mama, na sikufungua mdomo. Naandika haya nikiwa na aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Binti aliondoka na picha zake. Baada ya siku mbili akarudi, na kabla hajakaa nilijua kuna jambo.

"Mama, usinielewe vibaya," alianza. Watu wakianza hivyo jiandae. "Nimeingiza namba zote za kilo kwenye kompyuta. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna samaki wako hata mmoja aliyezidi kilo sitini. Bandari nyingine, miaka hiyohiyo, jodari walikuwa wanafika kilo mia na zaidi. Mkubwa wangu ameziona. Anasema..." Akarekebisha miwani. "Anasema karani alikuwa anakisia ofisini. Anasema zimebuniwa. Ripoti inafungwa baada ya siku sita, na ameniambia vitabu hivi niviache nje."

Mama hakupandisha sauti. "Zimebuniwa?"

"Ndivyo alivyosema yeye, mama, si mimi."

"Twende bandarini," mama alisema. Mimi nikachukua mkoba wangu nikawafuata, tumbo mbele, maana singeweza kubaki.

Ukumbi wa zamani sasa unahifadhi barafu ya wanunuzi, ila mizani bado inaning'inia kwenye boriti lake la chuma, na saa yake kubwa yenye mshale imeshika kutu. Mlinzi wa mlango alikuwa mchukuzi wa zamani ambaye wenzake walimwita Winchi, kwa nguvu zake za ujana. Alimpokea mama kwa furaha, "Mama Shibiri! Umekuja kutupima na sisi?" Mama hakucheka.

Alimwonyesha binti kila hatua. Samaki alilazwa kwenye jiwe pale mlangoni, mama akampima urefu. Kisha mama akaingia kwenye kijiofisi chake kuandika, huku wachukuzi wakimfunga samaki kamba ya mkiani na kumtundika. Kijiofisi kilikuwa na kidirisha kimoja cha kioo, juu, usawa wa saa ya mizani. Nilichungulia. Ukikaa kwenye kile kiti unauona mshale vizuri kabisa, na huoni kitu kingine chochote.

Sasa mimi ni fundi, kupima ndiyo kazi yangu, na nikiona kitu kinaning'inia nataka kujua kinafika wapi. Nikatoa futikamba yangu mkobani, nikaishika kwenye ndoano ya mizani, nikaishusha mpaka sakafuni. Mita moja na sentimita thelathini.

"Winchi," nikasema, "jodari mkubwa alikuwa na urefu gani?"

Mzee akapanua mikono yake yote miwili, kisha akatikisa kichwa kwamba haijatosha.

"Sasa akitundikwa hapa kichwa kilikuwa kinakaa wapi?"

"Chini," alisema Winchi, bila wasiwasi wowote. "Kinakaa sakafuni. Hii sakafu iliinuliwa kabla mama karani hajaja, maji ya bahari yalikuwa yanaingia. Boriti halikuinuliwa."

Tone la barafu lilianguka mahali.

"Mlijua?" mama akauliza.

"Tulijua sote, mama. Tukadhani na wewe unajua. Na zile kilo zilikuwa za kitabu tu, hakuna aliyekuwa anaziuliza."

Hakuwa na ubaya, yule mzee. Lakini uso wa mama ulimshuka mbele ya macho yetu. Nyumbani alilala akiwa ameelekea ukutani na viatu vyake miguuni, na nilipompelekea chai alisema, akiuambia ukuta, "Miaka thelathini na mmoja nimeandika uzito wa mikia."

"Mama, hukujua."

"Karani hapaswi kutojua." Kisha akasema, "Vichome. Mpe mtoto chumba chake."

Ndicho nilichokuwa nakitaka tangu siku niliyoolewa. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake na chai mkononi, na sikukitaka tena. Nilitaka anune, anijibu vibaya, aniambie habari ya vumbi. Mama mkwe asiyejibu anatisha.

Kesho yake asubuhi binti alirudi bila kuitwa. Alikuwa hajalala, macho mekundu, na hakutaka kukaa. "Mama, kilo tumeziacha. Zimekufa. Lakini kuna safu ya urefu. Hapa umeandika tisa na nne. Hapa nane na kumi. Nilidhani ni futi na inchi, lakini hakuna jodari wa futi tisa, nikajua nimekosea. Ni nini hizi?"

Mama aligeuka polepole. Akatoa mkono chini ya shuka, akaupanua hewani. Kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, hiyo ndiyo shibiri. Kinachobaki unajazia kwa upana wa vidole. Alikuwa ameomba futi ofisini mara tatu kwa barua na haikuja, basi akatumia alichonacho.

"Na ulimpima akiwa amelala pale kwenye jiwe? Kabla ya kutundikwa?"

"Kabla ya kutundikwa."

"Kila mmoja?"

"Mwanangu, kazi ni kazi. Kila mmoja."

Binti alikaa chini, moja kwa moja sakafuni. Alisema ukijua urefu wa jodari unaweza kukadiria uzito wake, na hata usipokadiria, urefu peke yake unasema mengi. Kilichobaki ni kujua shibiri ya mama ni sentimita ngapi. Mimi nikaruka na futikamba. Mama akaupanua mkono juu ya meza yangu, nikapima: kumi na sita na nusu.

"Basi tumemaliza!" nikasema.

"Hatujamaliza," mama akasema. "Mkono huu si ule."

Na kweli. Baridi yabisi ilikuwa imemwingia baada ya kustaafu. Vifundo vyake vimevimba, kidole cha mwisho kimejikunja, hakinyooki hata ukikivuta. Nimepima watu wa kutosha kujua kwamba mwili unabadilika na futi haibadiliki. Wateja wangu ndio hawakubali.

"Zamani ulikuwa unafunguka mpaka wapi?" binti akauliza.

"Mpaka ulipofika. Nani alikuwa anaupima?"

Tulizunguka nalo suala hilo saa nzima. Tulihitaji kitu kimoja ambacho mkono ule wa zamani ulikipima, na ambacho tungeweza kujua urefu wake kwa sentimita. Lile jiwe la mlangoni lilishavunjwa likatolewa. Meza ya ofisi haijulikani ilikokwenda. Zilibaki siku tano, kisha nne.

"Kila nilichokipima kililiwa," mama akasema. Alisema kwa utulivu, na hilo liliniuma zaidi.

Siku iliyofuata nilikaa kwenye cherehani kwa sababu mteja anataka gauni lake hata bahari ikikauka. Lilikuwa gauni la mtoto wa miaka miwili, kola ya duara. Nikatungua karatasi ya kola msumarini, nikailaza juu ya kitambaa, nikaigeuza upande wa pili ili chaki iandike vizuri. Mwandiko wa mama ulikuwa pale. Jodari, tisa na moja. Papa, saba na nane. Na kati yao, kwa mwandiko uleule, kwenye mstari wake wenyewe kama samaki wengine: "Mwanangu. Tatu kasoro kidole kimoja. Tumetoka kliniki."

Nilisoma mara tatu. Mtoto wa tumboni akanipiga teke, nadhani na yeye alisoma.

Nilijua nikinyamaza tena sitajisamehe. Nikazitungua zote, kola, mifuko, mikono ya magauni, nikaenda nikazipanga kitandani kwa mama, moja moja, kama mtu anayejaribu kurudisha shati lililopasuka. "Mama," nikasema, "kitabu cha ishirini ni hiki. Nilikikata mimi. Nilikuwa na hasira. Nisamehe."

Alizitazama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshafunga macho. Akaokota kola moja.

"Hii ya mtoto wa miaka mingapi?"

"Miwili, mama."

"Umekata vizuri." Akaiweka chini. "Ungenikata hivi mimi mwenyewe ningekwambia ahsante, lakini si kitabu. Usirudie."

"Sirudii, mama. Lakini soma hapa."

Akasoma. Akaweka mkono mdomoni. Alikuwa amesahau kabisa, kwa jinsi mtu anavyosahau jambo alilolifanya kila mara bila kulifikiria. Kliniki ya watoto ilikuwa nyuma ya bandari. Kila siku ya kliniki alimbeba mwanawe, akapita naye kazini akiwa bado na uji mdomoni, na wachukuzi wakapiga kelele, "Mama Shibiri, mpime na huyo! Ni samaki gani huyo?" Akamlaza mezani akampima. Na kilichopimwa kwenye ukumbi ule kiliandikwa, kazi ni kazi.

Tulivamia chumba cha nyuma sote wawili, mimi na tumbo langu, yeye na magoti yake. Kitabu cha ishirini na moja, yumo. Ishirini na mbili, yumo. Mpaka cha thelathini na tatu, yumo, katikati ya mapapa na nduaro, akirefuka. Mama akafungua sanduku lake la bati, chini ya vyeti vya mazishi na picha ya arusi, akatoa kadi ya kliniki ya mume wangu. Nesi wa enzi zile alikuwa mkali wa ubao wa kupimia, hakuruhusu mtoto ashuke bila kuandikwa sentimita. Tulitafuta tarehe ya ile kola. Hamsini na sita.

Binti alipofika tulimwekea kadi mezani na vitabu vikiwa wazi. Alihesabu tarehe zinazolingana, zikawa arobaini na moja. Alipiga hesabu, akazirudia, akavua miwani akaifuta, akairudisha. "Sentimita kumi na tisa nukta mbili," alisema. "Mama, haukukosea mkono wako. Mtoto anapiga mateke, analia, na bado haukukosea zaidi ya upana wa kidole." Kisha akamkumbatia mama bila kumwomba ruhusa, na mama akamwacha.

Ripoti ilifungwa vitabu vikiwa ndani yake. Binti alituletea mchoro mkubwa wa karatasi, akautandaza kwenye meza yangu ya kukatia. Mstari wa mama ulianzia juu, na jodari wa shibiri tisa na vidole kumi, wa karibu mita mbili. Kisha ukashuka, mwaka hadi mwaka, polepole, mpaka saba. Sikupenda kuutazama. Lakini miaka minne ya mwisho ya kazi ya mama, baada ya nyavu kupigwa marufuku kule wanakozaliana, mstari uliinua kichwa. Saba na nne, saba na nane, nane. Na pale mama alipostaafu, mstari wa taasisi ulidakia palepale alipouacha, ukaendelea kupanda.

"Tulikuwa tunaona wanapanda, tukadhani wamefika," binti alieleza. "Tulitaka kuruhusu wavuliwe zaidi. Sasa tunajua hawajafika. Wako nane na nusu. Tutasubiri kumi."

"Subirini," mama alisema, kama mtu anayetoa kibali. Yule mkubwa aliyesema zimebuniwa aliandika barua ya kuomba vitabu vikakae taasisi, kwenye chumba kikavu kisicho na mende. Maneno ya kuomba radhi yalikuwa mawili tu, mwishoni, lakini mama aliyasoma kwa sauti.

Kuhusu ile kadi mume wangu hatukumwambia. Mama alikataza. "Atanicheka," alisema. Kwa hiyo siku gari la taasisi lilipokuja, alitoka kazini mchana amefurahi ajabu, mikono ina grisi, tayari kubeba vitabu vitoke. Alikuwa amebeba vitano kifuani binti alipomwona.

"Kumbe ndiye wewe!"

"Ndiye mimi nani?"

"Kipimo chetu."

Mume wangu akanitazama kwamba huyu dada yuko sawa? Mama alijifanya anatafuta kitu sandukuni. Binti akachomoa kitabu kimoja kwenye mzigo wake, akakifungua, akamwekea kidole kwenye mstari. Alisoma akiwa amesimama na vile vingine kifuani. Akageuza ukurasa kwa kidevu. Mwishowe aliviweka chini vyote akakaa juu yake, na akaendelea kusoma, na sisi tukamwacha.

Mstari wa mwisho aliusoma kwa sauti, taratibu, kama mtoto anayejifunza. "Mwanangu amekataa kupimwa mbele ya wachukuzi. Anasema yeye si samaki. Nimempima nyumbani, amelala. Shibiri sita na vidole viwili. Ameanza darasa la kwanza. Baba yake hakuiona siku hii, ni mwezi sasa tangu tumzike."

Grisi ya mikono yake ilikuwa imeacha alama kwenye ukurasa, na nilidhani mama atafoka. Hakufoka.

"Mbona baada ya hapo hakuna?" mume wangu aliuliza. Sauti yake haikuwa ile ninayoijua.

"Ulianza kulala umejikunja," mama akajibu.

Gari liliondoka na vitabu vyote isipokuwa cha mwisho, cha sitini na mbili, ambacho kilikuwa na kurasa tupu nyuma na binti alisema wanaweza kukisubiri. Chumba cha nyuma kilibaki kitupu, na alama ya mraba ukutani pale rundo lilipokuwa. Nilisimama mlangoni nikiwaza kitanda cha mtoto kitakaa wapi. Mume wangu akanipita. Alivua viatu, akalala chali katikati ya sakafu, akanyoosha miguu, akaweka mikono ubavuni.

"Mama," akaita. "Njoo. Sijajikunja."

Mama alikuja na kitabu. Akapiga magoti kwa shida. "Mkono wenyewe haufunguki siku hizi."

"Pima tu. Mimi sina haraka."

Akaanzia kisiginoni. Mkono uliovimba ulikwenda taratibu, ukajikunja, ukajivuta, shibiri baada ya shibiri, juu ya goti, juu ya mkanda, juu ya kifua, na mume wangu alikuwa anatazama dari na machozi yanamwingia masikioni. Mama alipofika utosini alikaa kitako, akahesabu tena kwa midomo, akafungua ukurasa mtupu.

"Kumi na nusu," alisema. "Hakuna jodari aliyewahi kufika hapo."

Mimi ni fundi, nilijua ni mkono uliopungua, si mume aliyerefuka. Nilinyamaza, nikampa kalamu.